Rudi Nyuma, Viatu Vionekane

Kalunde aliitazama ile picha, akaigeuza upande wa nyuma kama mtu anayetafuta kilichobaki, kisha akaiweka mezani na kuisukuma kwa kidole kimoja hadi ikamgusa Mutindi tumboni.

"Miguu yangu iko wapi?"

"Mwaitu, mama, nilisogea karibu ndio uso utoke vizuri," Mutindi alisema. "Angalia macho yako vile yametoka."

"Macho yangu nayajua. Nimeuliza miguu." Kalunde alijikata kifuani kwa ubapa wa mkono. "Hii ni picha ya kipande, ya kitambulisho. Serikali ndiyo hukata watu hapa, kwa sababu haina haja na mtu mzima, inataka kichwa tu. Na mimi kipande nilichukua mwaka jana. Hapa nilikuja kupigwa picha."

Wanawake wawili waliokuwa wakingoja zamu kwenye benchi waliangaliana, wakachekea puani. Mmoja wao akakumbuka ghafla kwamba alikuwa ameacha maharagwe jikoni. Mwenzake akamfuata. Kalunde alikuwa kiongozi wa kwaya ya akina mama, na pale Kabati neno likishatoka kinywani mwake halikuhitaji kupigiwa kengele.

"Mama Mwikali," sauti ilimwambia Mutindi kutoka nyuma ya pazia. Maneno yalitoka mazito, kama ya mtu aliye na chakula mdomoni. "Mrudishie mtu pesa yake."

Kalunde alishtuka. Ukali wote ukamtoka. "Kumbe Nzuki ako hapo? Nzuki, unaendeleaje? Wacha nikuone, hata nikuombee kidogo."

Kilichosikika ni kitanda kikilia, Nzuki akijigeuza kuelekea ukutani. Kalunde alishika pazia, akaliachilia, akachukua pesa zake na kwenda. Ndipo sauti ikatoka tena.

"Nilikuambia urudi nyuma. Nimekuambia mara ngapi? Rudi nyuma mpaka viatu vionekane."

Mutindi aliiokota picha na kuiweka ndani ya droo. Ilikuwa picha nzuri, na hilo ndilo lililomuuma.

* * *

Watu wa Kabati walikuwa na sheria yao ya picha, ingawa hakuna aliyewahi kuiandika. Anayepigwa picha sharti atoke mzima, kutoka kofia hadi viatu. Picha ilitumwa kwa wakwe, au kwa kijana anayefanya kazi Mombasa, ili walio mbali wajue jamaa hawajambo. Na mtu akitaka kujua hali yako haangalii pua, anaangalia miguu. Kwa sababu hiyo studio ya Nzuki ilikuwa na koti la studio, tai ya studio, na viatu vyeusi vya studio vilivyopakwa rangi kila asubuhi. Mguu ukiwa mdogo, gazeti lilijazwa mbele. Mwanamume aliingia na akala za matairi, akasimama mbele ya ukuta mweupe wa nje akiwa karani, kisha akavua ukarani wake na kurudi kwa mbuzi.

Kazi hiyo Nzuki aliifanya miaka mingi, mpaka mvua za Novemba zilipomkuta ndani ya chumba cha giza cha kusafishia picha na kumwangusha chini na sinia la dawa. Hospitali walisema ni kiharusi. Mkono wa kulia ulikufa, mguu ukawa wa kuburuta, na mdomo ukavutwa upande mmoja hadi karibu na sikio. Mkono aliuvumilia. Mdomo hakuuvumilia. Alikunywa uji akiwa amejifunika kitambaa, na tangu siku aliyotoka hospitali hakuna mtu wa kanisani aliyekubaliwa kupita lile pazia. Hata mkewe alimlisha akiwa upande.

Basi Mutindi akachukua kamera. Ilikuwa ile ya macho mawili, inayoshikwa tumboni na kuchunguliwa kutoka juu, na kioo chake kinageuza mambo: mtu akiegemea kushoto, kwenye kioo anakwenda kulia. Filamu ya kwanza Mutindi aliwafukuza wateja hadi nje ya kioo, akatoa mabega na masikio. Filamu ya pili aliiosha kwa maji ya kisima, ambayo yana chumvi, yakakauka na kumwachia bibi harusi madoadoa ya ndui. Tangu hapo aliosha kwa maji ya kuchimbwa mchangani mtoni, na siku zile za ukame kila mtungi ulikuwa safari nzima ya punda.

Nzuki alizishika picha moja moja kwa mkono wa kushoto, akazielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Hakuwa na huruma.

"Huyu umemla kichwa."

"Nimeona."

"Huyu ametikisika. Ulikuwa unapumua. Mtu akipiga hapumui."

"Sawa."

"Kanuni ni tatu tu. Jua likae mgongoni kwako. Mtu akae ukutani. Na wewe urudi nyuma."

Siku moja Mutindi alisimama akatazama picha za mumewe zilizobandikwa studio nzima, kuanzia mlangoni hadi pazia. Alizipita kila siku, lakini sasa alikuwa na macho ya mwanafunzi. Viatu viling'aa. Mikunjo ya suruali ilihesabika. Nyuso zilikuwa nyeusi kama sufuria, macho hayapo, isipokuwa meno ya wale wachache waliothubutu kucheka.

"Baba Mwikali, mbona uso wa hawa watu hautoki?"

Jibu lilitoka nyuma ya pazia. "Miaka hiyo yote hakuna aliyelalamika."

"Sijasema wamelalamika. Nimeuliza tu."

"Jua liko juu ya kichwa. Ukuta ni mweupe, mtu ni mweusi. Kamera haiwezi kupenda wawili, inachagua mmoja."

"Basi tuache ukuta."

"Ule ukuta nilipaka mimi," Nzuki alisema.

* * *

Duka lililopakana na studio lilikuwa la Wanjiro, mwanamke wa Murang'a aliyekuja na mumewe kuuza unga na hakurudi kwao tena, hata mumewe alipokufa. Alipenda kukaa barazani kwake, ndani kidogo ya kivuli, akiangalia barabara. Siku moja ya Februari, saa sita ya mchana, Mutindi alitoka kumwaga maji, akamwona jinsi alivyokaa. Jua lilikuwa linapiga mchanga wa barabarani, na ule mchanga ulikuwa unamrudishia Wanjiro mwanga usoni, taratibu, bila kumchoma. Kila kitu kilionekana: kovu la utotoni juu ya nyusi, unga kwenye kope, hata ile hali ya mtu anayengoja kitu ambacho hakumbuki tena ni nini.

"Kaa hivyo hivyo," Mutindi alisema, akakimbilia kamera.

"Aki wewe, na huu unga wote?"

"Na unga. Usisonge."

Hivyo ndivyo alivyopata nusu ya kazi. Nusu nyingine aliipatia kwenye stuli ya kukamulia mbuzi. Kwani mtu akisimama ni mrefu, na ukitaka miguu yake utarudi nyuma hadi uso uwe kama punje ya mtama. Lakini akikaa anajikunja. Viatu vinakuja mbele, magoti yanapanda, na mpiga picha anaweza kusogea karibu akapata vyote. Hakuna aliyemfundisha hilo. Alilipata kwa kuharibu filamu ambazo nyumba hiyo haikuwa na uwezo wa kuziharibu, na mara mbili mtoto wao Mwikali alirudishwa nyumbani kutoka shule ya bweni kwa ajili ya karo.

Alimwendea Kalunde mwenyewe, mbele ya kwaya, akamwomba aje apigwe bure. Hilo lilimgharimu kuliko filamu. Kalunde alikuja na shangazi wawili wa kushuhudia, akavaa viatu vyeupe vya studio vya akina mama, akakaa kwenye stuli barazani kwa Wanjiro kama mtu aliyeitwa na chifu.

Picha ilipotoka, kwanza alitafuta miguu. Moja, mbili. Akaridhika. Kisha macho yake yakapanda hadi usoni, yakakaa huko.

"Nimefanana na mama yangu," alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Sikujua. Yeye hakuwahi kupigwa."

Akaifunga picha ndani ya leso na kuondoka bila kusema asante. Lakini Jumapili iliyofuata kwaya nzima ilitoka kanisani ikaja moja kwa moja studio, na Wanjiro akalazimika kuhamisha magunia yake.

Baada ya Pasaka alikuja Kilonzo, mzee wa kanisa, mtu wa kuongea polepole akizungusha kofia mikononi. Mwezi wa Agosti kutakuwa na mkutano mkuu, alisema, na makanisa ya Kitui yote na ya Makueni yatakuja. Kila kikundi kitataka picha.

"Kuna kijana wa Kitui mjini ana filamu ya rangi. Mchungaji anamtaka huyo. Mimi nimemwambia, mchungaji, tuna mtu wetu hapa. Mke wa Nzuki. Akaniambia, siwezi kumpa mtu kazi ya mkutano kwa kusikia tu, nitaona kazi yake kwa macho yangu."

"Aje wakati wowote, mzee."

"Atakuja siku atapita hapa. Wewe endelea tu na hizi za kutoa watu uso."

Mutindi hakulala vizuri siku hizo, kwa matumaini, na matumaini nayo huchosha. Kazi ya mkutano ingemrudisha Mwikali shuleni na kulipia chumba hadi mwaka mpya. Bila hiyo ingebidi studio ifungwe, kamera iuzwe, na yeye arudi kwenye shamba dogo la Nzuki nje ya Kabati, ambalo kwa misimu miwili halikuwa limetoa hata debe. Nzuki alijua hayo yote. Pazia si ukuta.

* * *

Mwezi wa Mei kifua cha Nzuki kilianza kukoroma. Asubuhi moja aliomba maji ya moto na wembe.

"Leo utanipiga," alisema, Mutindi alipokuwa akimfuta povu shingoni. "Nimepiga watu wote hawa. Mimi sina hata moja."

Mutindi alifurahi mno, akauweka wembe chini. "Nitaleta stuli. Tutakaa kwa Wanjiro, pale mwanga—"

"Stuli ni ya wateja wako. Mimi ni mteja wa zamani. Nitasimama ukutani."

Alichagua saa ya jua kali, watu wakiwa wamejificha ndani wakila. Alivaa koti la studio. Mutindi alipiga magoti akamfunga kamba za viatu vya studio, vile vyeusi, ambavyo mwenyewe hakuwahi kuvivaa hata siku moja. Kofia aliivuta chini. Mkono uliokufa akauingiza mfukoni kwa msaada wa ule mzima, akaegemea ukuta wake mweupe, akanyooka.

Mutindi akachungulia. Alikuwa amesogea karibu bila kukusudia, kama alivyozoea sasa, na uso wa mumewe ukajaa kwenye kioo. Ilikuwa miezi mingi hajauona kwenye mwanga. Mdomo ulikuwa umevutwa, na jicho lisilofumba lilikuwa linatoa chozi peke yake. Lakini alikuwa Nzuki. Alikuwa amekonda na kuchoka, na kulikuwa na upole usoni mwake ambao zamani haukuwapo, au ulikuwapo na mkewe hakuwa amejifunza kuangalia. Mutindi alimpenda pale kwenye kioo kuliko alivyowahi kumpenda, na akajua kwamba hajawahi kupata picha nzuri kama hiyo, na huenda asipate tena. Kilichobaki ni kuinyanyua ile kofia kidogo, na kubana.

"Uko karibu," Nzuki alisema. Alikuwa amezisikia hatua. "Rudi nyuma."

"Uso wako unatoka vizuri, Baba Mwikali. Kweli ya Mungu."

"Ndiyo maana nasema rudi nyuma." Alivuta pumzi. "Mimi nikienda, watu wataniangalia hapo hapo siku zote. Wakwe, watoto wa Mwikali. Huu mdomo si wangu. Usiwaachie."

Mutindi akarudi nyuma. Kila hatua uso ule ulikuwa unapungua kwenye kioo, mpaka kivuli cha kofia kikaumeza wote na chini yake vikatokea viatu vyeusi, vikimeremeta. Jua lilikuwa mgongoni kwake, mtu alikuwa ukutani. Akazuia pumzi, akabana.

Wanjiro alikuwa amesimama mlangoni kwake na kopo la kupimia unga. Aliona yote, akarudi ndani pole pole.

Siku iliyofuata, kwenye chumba cha giza, Mutindi angeweza bado kumwokoa. Alijua sasa kwamba ukikinga mwanga kwa kiganja juu ya uso wakati wa kutoa picha, weusi hupungua na macho yakajitokeza kidogo. Mkono ulinyanyuka wenyewe. Akaurudisha chini, akaacha mwanga ufanye ulivyotaka.

Nzuki aliishika picha kwa mkono wa kushoto, akaielekeza dirishani kwa muda mrefu. Halafu akacheka, kwa ule upande uliokuwa bado unacheka.

"Viatu vimetoka," alisema. "Sasa umejua kazi." Akamrudishia. "Na mtu akiuliza, usiseme ni mimi nilitaka hivi."

"Sitasema."

* * *

Alikufa mwishoni mwa Juni, katika baridi ile ya mawingu. Jeneza Mutindi aliamuru lipigwe misumari mapema, na akina shangazi walipolalamika kwamba hawajamwona, aliwaambia ndivyo alivyotaka mwenyewe. Walinuna.

Shambani waliweka meza ndogo karibu na jeneza, na juu yake ile picha, kwa kuwa nyingine haikuwapo. Mchungaji alifika akiwa amechelewa, kwa gari la kanisa, pamoja na wageni wawili wa maandalizi ya mkutano. Alisalimia wazee, akamkuta Mutindi amekaa kwenye mkeka, akainama kumpa pole. Aliponyanyuka macho yake yakatua mezani. Akaichukua picha, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali.

"Nzuki ndiye huyu?"

"Ndiye," Kilonzo alisema.

"Uso uko wapi?" Mmoja wa wageni alichungulia begani kwake, akatikisa kichwa. Mchungaji akamgeukia Kilonzo, na ingawa alishusha sauti, mkeka wote ulisikia. "Ni nani alipiga hii? Si yule mama uliyeniambia?"

Kilonzo alizungusha kofia. Alikuwa mtu mwema, na alimfungulia Mutindi mlango kadiri alivyoweza. "Mama Mwikali, hii haiwezi kuwa yako. Hizo zako tunazijua. Huenda ni mtu alishika kamera tu, akabana. Ama ni Nzuki mwenyewe alitaka hivi? Mwambie mchungaji."

Kalunde alikuwa amekesha na kwaya yake pale pale usiku kucha, na sasa alikuwa anamwangalia Mutindi kwa mshangao wa kweli, kwa sababu ndani ya leso yake alikuwa na uso wa mama yake. Mwikali alikuwa ameegemea bega la mama, katika sare ya shule ambayo haikuwa na shule. Upande wa pili wa jeneza Wanjiro alifungua mdomo. Mutindi alimtazama, akatikisa kichwa kidogo tu. Wanjiro akaufunga.

"Ni yangu," Mutindi alisema. "Niliipiga mimi."

"Ya lini?" mchungaji aliuliza.

"Nilikuwa bado najifunza."

Mchungaji aliirudisha picha mezani, kwa upole, kama mtu anayerudisha bidhaa ambayo hatainunua. "Basi Mungu akusaidie uendelee kujifunza, mama," alisema, akaenda kukaa na wageni wake. Kilonzo alibaki amesimama kwa muda, akitazama kofia yake, kisha naye akaenda.

Upepo wa Juni ulikuwa umeleta vumbi la kaburi hadi mezani. Mutindi alinyanyuka kutoka mkekani, akachukua ile picha, akaifuta kwa ncha ya leso, akianzia chini, kwenye viatu, mpaka viking'aa tena. Kisha akaiweka ikiwatazama watu, akarudi kukaa karibu na mtoto wake.